Theluji haijaanguka, lakini mwalimu wa skii tayari yuko kazini

OKTOBA hii, huku sisi tukichungulia mawingu na kuulizana kama mvua fupi itafika kwa wakati, kuna watu kule Austria, Ufaransa, Uswizi na Italia ambao nao wanachungulia mawingu yao. Wao wanangoja theluji. Ikianguka mapema na kwa wingi, kodi ya nyumba italipika. Ikikawia, watakula akiba.

Hao ni walimu na makocha wa skii, mchezo wa kuteleza juu ya theluji ukiwa umefungwa vibao viwili virefu miguuni. Bila shaka umewaona kwenye runinga wakishuka mlimani kwa kasi ya gari la barabara kuu. Lakini kwa kila mwanamichezo unayemwona pale, kuna mtu ambaye humwoni, aliyemfundisha kusimama, kugeuka, na hasa kusimamisha zile mbao zisimpeleke zinakotaka zenyewe.

Huenda unajiuliza: yananihusu nini hayo mimi wa Kayole, Kisumu au Kilifi? Subiri, hasa wewe wa Kilifi. Kwanza, msimu huu unaokuja una Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Milano na Cortina, Italia, kuanzia Februari 6 hadi 22, 2026. Pili, hii ni kazi kama kazi nyingine. Ina vyeti, kandarasi na mshahara, na Waafrika kadhaa tayari wanaifanya. Tatu, mtu wa kazi hii anajua jambo ambalo kijana yeyote anayetafuta riziki ya msimu angefaa kulijua: miezi minne ya theluji huamuliwa na miezi minane isiyo na theluji.

Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo aanze kutafuta jembe. Mwalimu wa skii ni vivyo hivyo.

Mwalimu si kocha

Tuanze kwa kutenganisha kazi hizi mbili, kwa sababu watu wengi huzichanganya.

Mwalimu wa skii hufundisha wageni. Mteja wake anaweza kuwa mtoto wa miaka minne, mama aliyeletwa likizoni na mumewe na ambaye hataki kabisa kuwa pale, au mzee wa miaka 60 aliyeamua kujaribu kabla magoti hayajakataa. Wengi huwa naye kwa siku tano au sita tu, kisha wanarudi makwao. Mafanikio yake hayapimwi kwa saa. Yanapimwa kwa mgeni kufika chini akiwa mzima na akitaka kurudi kesho.

Kocha naye hufundisha wakimbizaji. Anakaa na vijana walewale miaka na miaka, na kazi yake hupimwa kwa sehemu ya mia moja ya sekunde.

Hata hivyo, katika miji midogo ya milimani, mtu mmoja huweza kufanya kazi zote mbili. Asubuhi yuko na watoto wa wageni, alasiri anasimamia mazoezi ya klabu ya kijiji. Mtu huyo akiangalia kalenda ya msimu ujao, huona mambo mawili kwa mpigo: wiki za pesa na wiki za mashindano.

Wiki za pesa zinajulikana. Kuna kipindi cha Krismasi na Mwaka Mpya, halafu kuna likizo za shule za Februari. Ufaransa imegawanya nchi katika kanda tatu ili shule zote zisifunge kwa wakati mmoja, kwa hivyo wageni wake humiminika kwa zamu kuanzia Februari hadi mapema Machi. Wiki hizo mwalimu hufundisha tangu lifti zinapofunguliwa hadi zinapofungwa. Wiki ya pili ya Januari, kwa upande mwingine, anaweza kukaa akiangalia simu yake kama fundi wa mtaani anayengoja mteja.

Miezi isiyo na theluji

Sasa chukulia wewe ndiye mwalimu huyo. Tangu lifti zifungwe Aprili, umekuwa ukifanya nini?

Jibu la kwanza ni kwamba umekuwa ukitafuta hela kwingine. Majira ya joto walimu wengi huongoza wapanda mlima, hujenga nyumba, huchunga ng'ombe wa familia au hufanya kazi hotelini. Wengine huifuata baridi ilikohamia. Kuanzia Juni hadi Septemba huwa ni majira ya baridi New Zealand, Chile na Argentina, kwa hivyo mwalimu mwenye vyeti vinavyotambulika huweza kuishi baridi mbili kwa mwaka mmoja, hata akasahau joto linafananaje.

Jibu la pili ni mwili. Kuteleza kunafanana na kukaa kwenye stuli ambayo haipo, huku stuli hiyo ikikimbia. Mapaja ndiyo yanayobeba kila kitu, na kano za goti ndizo zinazoumia mara nyingi kuliko vyote. Jaribu hili ukimaliza kusoma. Egemeza mgongo ukutani, shuka taratibu hadi mapaja yawe sambamba na sakafu, kisha hesabu sekunde 60. Ukianza kutetemeka ukifika 30, basi umepata picha kidogo ya kwa nini mwalimu anayeanza mazoezi Desemba huwa amechelewa. Ndiyo maana Septemba na Oktoba unawakuta wakikimbia vilimani, wakiruka, wakisimama kwa mguu mmoja na kuinua vyuma.

Jibu la tatu ni vifaa. Kingo za chuma za skii hunolewa kama kisu cha jikoni, na chini hupakwa nta ili zisikwame. Kuna pia vifungo, vile vinavyoshika buti. Hivi hurekebishwa kulingana na uzito wa mtu, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na ujuzi wake. Vikikazwa kupita kiasi havitafunguka mtu akianguka, na goti ndilo litakalokatika badala yake. Vikilegezwa mno vitamwachilia katikati ya kona. Mwalimu mzuri hukagua vifungo vya kila mwanafunzi kabla ya kumpandisha mlimani, hata kama duka limeapa kwamba kila kitu kiko sawa.

Makocha nao hawangoji Desemba. Wanawapeleka wanamichezo wao kwenye milima yenye barafu ya kudumu. Hintertux, katika jimbo la Tyrol nchini Austria, watu huteleza mwaka mzima. Na Kombe la Dunia huanzia Sölden, Austria, mwishoni mwa Oktoba, juu ya barafu ya Rettenbach, wakati vijiji vya chini bado vina majani mabichi.

Siku ya kwanza ya mwanafunzi

Ukitaka kujua mwalimu ana thamani gani, mwangalie akiwa na mtu ambaye hajawahi kugusa theluji.

Hampeleki mlimani. Anamweka mahali tambarare, anamvalisha ubao mmoja tu na kumwambia asukume kwa mguu wa pili, kama mtoto anayeendesha baiskeli isiyo na pedali. Halafu ubao wa pili. Halafu anamfundisha kuanguka upande na kuinuka mwenyewe, kwa sababu kuanguka ataanguka, hilo si swali.

Baada ya hapo ndipo linakuja somo kubwa: kusimama. Ncha za mbele za mbao hukaribiana, za nyuma zinaachana, na mbao hizo zinafanya pembe. Watoto huambiwa watengeneze kipande cha pizza. Wakitaka kwenda moja kwa moja, wanaambiwa watengeneze chipsi, yaani mbao mbili zilizonyooka sambamba. Pizza ni breki, chipsi ni mwendo. Mtoto wa miaka mitano analielewa hilo kwa dakika moja, wakati baba yake bado anauliza uzito ukae mguu gani.

Halafu kuna rangi. Barani Ulaya miteremko huwekwa alama za rangi kulingana na ugumu: buluu ni rahisi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ya wenye uzoefu. Ufaransa huongeza kijani kwa wanaoanza kabisa. Kosa ambalo huwatia walimu wasiwasi kila msimu ni la kijana aliyejifunza siku mbili, akapata marafiki wenye majivuno, wakampandisha kwenye nyeusi. Kule juu hakuna pa kuteremkia.

Zipo pia sheria kumi za mwenendo zilizowekwa na FIS, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Mojawapo inasema kwamba anayetoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kuchagua njia isiyomhatarisha aliye mbele. Aliye mbele hana macho kisogoni. Ukilinganisha na tabia za matatu zetu asubuhi yenye foleni, utaelewa kwa nini mwalimu hurudia sheria hiyo kila siku.

Haya yote yanahitaji subira, na subira haiji yenyewe Desemba. Shule nyingi za skii huwaita walimu wao kwa mafunzo kabla ya wageni kufika. Wanakumbushana huduma ya kwanza, wanapanga makundi, na kila mmoja anafundisha wenzake huku akikosolewa. Aliyefundisha miaka 20 anakosolewa sawa na aliyefika jana.

Kocha na hesabu za Februari

Kwa kocha, msimu huu una uzito wa pekee. Katika skii za milimani, wanaume watashindania Bormio na wanawake Cortina d'Ampezzo. Swali la kocha si namna ya kumfanya mtu wake awe na kasi Novemba. Swali ni namna ya kumfikisha Februari akiwa na kasi na magoti mawili mazima.

Hapo ndipo hesabu huwa ngumu. Ili kufuzu, mwanamichezo hukusanya pointi katika mbio zinazotambuliwa na FIS, na kinyume na tulivyozoea kwenye soka, pointi chache ndizo bora. Kwa hivyo anayetoka taifa dogo hulazimika kusafiri kutoka shindano moja hadi jingine akitafuta matokeo mazuri. Kila safari ina gharama ya mafuta, hoteli na tiketi ya lifti. Kila shindano ni nafasi, na pia ni hatari ya kuumia. Kocha ndiye anayeamua: hili twende, hili tupumzike.

Kazi yake ya kila siku haina mbwembwe. Anaamka kabla ya wageni, anabeba milingoti ya plastiki mabegani, anatoboa theluji na kupanga milango ambayo wanamichezo wataizunguka. Anasimama mahali pamoja kwenye baridi kwa saa kadhaa akipiga video na kuzungumza kwenye redio. Jioni wanakaa wote kutazama kona moja mara kumi.

Kuna jambo moja ambalo huenda hulijui. Katika mbio za slalom, slalom kubwa na super-G, mwanamichezo haruhusiwi kufanya mazoezi kwenye njia ya mashindano. Anaruhusiwa kuikagua tu, akiteremka polepole pembeni mwa milango, akiikariri. Ukitazama runinga kabla ya mbio kuanza, utawaona wamefumba macho wakiyumbisha mikono hewani. Wanaiteremka njia ile kichwani. Kocha mzuri ni yule aliyewafundisha kukariri hivyo tangu wakiwa watoto.

Na kocha si lazima awe mtu mwenye medali zake mwenyewe. Mikaela Shiffrin wa Marekani, ambaye Februari 2025 alifikisha ushindi wa 100 wa Kombe la Dunia huko Sestriere, Italia, idadi ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuifikia katika skii za milimani, amefundishwa kwa miaka mingi na mama yake, Eileen, aliyekuwa muuguzi.

Jambo hilo halipaswi kutushangaza sisi. Bradha Colm O'Connell alifika shule ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976 akitokea Ireland kuja kufundisha jiografia. Hakuwa mkimbiaji. Alikaa, akatazama, akajifunza kwa vijana aliowakuta, na mmoja wa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012. Mtu akikwambia kwamba aliyezaliwa mbali na mchezo hawezi kuufundisha, mkumbushe Iten.

Theluji isipokuja

Sasa tufike kwenye kinachowakosesha usingizi.

Januari 2023, Adelboden nchini Uswizi iliandaa mbio za Kombe la Dunia kwenye utepe mweupe wa theluji ya mashine, huku pande zote mbili kukiwa na nyasi na matope. Picha zilizunguka dunia nzima. Katika vijiji vingi vya Ulaya vilivyo chini zaidi, lifti zilisimama wakati uleule wa likizo ya Mwaka Mpya, wiki ya pesa.

Mwaka huohuo watafiti walichapisha katika jarida la Nature Climate Change matokeo ya kuchunguza vituo 2,234 vya skii katika nchi 28 za Ulaya. Walipata kwamba joto la dunia likipanda kwa nyuzi 2 juu ya lile la kabla ya enzi ya viwanda, asilimia 53 ya vituo hivyo vitakuwa katika hatari kubwa mno ya kukosa theluji ya kutosha, kama havitatumia mashine. Likipanda kwa nyuzi 4, ni asilimia 98.

Mashine zenyewe si muujiza. Hurusha matone madogo ya maji hewani ili yagande kabla ya kugusa ardhi, na hilo huhitaji baridi ya nyuzi chache chini ya sifuri na hewa kavu. Usiku ukiwa na joto, mashine ni bomba la maji tu. Tena zinakula maji na umeme mwingi. Kule Davos, Uswizi, wameamua kufanya kama mkulima anayeweka mahindi ghalani: theluji ya msimu uliopita hurundikwa na kufunikwa kwa vumbi la mbao majira yote ya joto, kisha hutandazwa upya Oktoba kwa wanaoteleza kwenye njia tambarare.

Kwa mwalimu, hii si habari ya mazingira tu. Ni habari ya mfuko wake. Ufaransa, walimu wa ESF, shirika la shule za skii lililoanzishwa mwaka 1945 na linalojulikana kwa makoti mekundu, hujiajiri wenyewe. Siku isiyo na somo haina malipo. Kwingineko mwalimu ana kandarasi ya msimu, lakini kituo kisipofunguliwa tarehe iliyopangwa, naye huanza kazi akiwa amechelewa. Ndiposa siku hizi mwalimu anayeanza huuliza maswali ambayo babu yake hakuyauliza: Kituo hiki kiko mita ngapi juu ya usawa wa bahari? Kina mashine ngapi? Nikikosa Desemba, nitaishi kwa nini?

Sisi pia tunalijua hili. Barafu ya Lewis kwenye Mlima Kenya imenywea kiasi kwamba wazee waliowahi kuiona wakiwa vijana hawaitambui. Kule wanapoteza riziki ya msimu. Huku wakulima walio chini ya mlima wanahesabu maji ya mito.

Theluji ikija kwa fujo

Uchache wa theluji ni tatizo, na wingi wake wa ghafla ni tatizo jingine. Theluji mpya ikikaa juu ya tabaka dhaifu, mteremko mzima unaweza kukatika na kuporomoka. Ulaya hutumia kipimo cha hatari cha ngazi tano, na taarifa hutolewa kila siku wakati wa msimu. Mwalimu huisoma kabla ya chai.

Anayetoka nje ya miteremko iliyolindwa hubeba vitu vitatu: kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, ufito mrefu wa kuchomea theluji, na sepetu. Dakika 10 hadi 15 za kwanza ndizo huamua mengi. Helikopta mara nyingi haitafika ndani ya muda huo, kwa hivyo wa kukuokoa ni yule uliyeandamana naye. Ndiyo maana kabla ya msimu kuanza walimu hufukia vifaa hivyo kwenye theluji na kushindana kuvitafuta kwa saa mkononi. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini hakuna anayecheka.

Kazi ngumu kuliko zote ni kumwambia mgeni aliyelipa hela nyingi: "Leo hatuendi." Mgeni atakasirika. Atasema jirani yake amekwenda. Mwalimu anayeweza kusimamia neno hilo ana thamani kuliko yule anayejua kuruka.

Na wewe Mkenya je?

Wa Kilifi, sasa tumefika kwako. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, akahamia Austria akiwa na miaka mitatu, na aliyemwingiza kwenye skii ni baba yake wa kambo. Mwaka 2018 huko PyeongChang, Korea Kusini, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, akamaliza wa 38 katika super-G.

Kabla yake alikuwapo Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 aliyepelekwa Finland kujifunza skii za masafa marefu. Huko Nagano, Japani, mwaka 1998 alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, katika kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri kwenye utepe na kumkumbatia. Boit alirudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006, na alipokuwa nyumbani alifanya mazoezi barabarani kwa skii zenye magurudumu. Mwanawe mmoja anaitwa Dæhlie.

Lakini si lazima uwe mwanamichezo wa Olimpiki. Ualimu una ngazi zake. Uingereza, chama cha BASI kina ngazi nne. Ya kwanza ni kozi ya siku tano pamoja na saa 35 za kukaa na walimu wa shule ya skii ukijifunza kazi, na inakuruhusu kufundisha kwenye vituo vya ndani. Ya pili inakupeleka mlimani. Ya nne huchukua miaka. Austria wana cheti cha kuanzia kiitwacho Anwärter, kozi ya takriban siku kumi. Ufaransa ndiyo kali zaidi: ili upate diploma kamili ya taifa lazima upite mtihani wa slalom kubwa unaopimwa kwa saa, na mafunzo ya juu hutolewa na chuo cha ENSA mjini Chamonix.

Usidanganyike hata hivyo. Kozi hizi ni ghali, na kabla ya kozi unahitaji wiki nyingi za kuteleza. Cheti cha nchi moja hakikubaliki kila mahali. Na asiye raia wa Umoja wa Ulaya anahitaji kibali cha kazi, jambo ambalo shule nyingi hazina muda nalo kama huna ujuzi wa pekee.

Kwa hivyo tazama karibu zaidi. Ski Dubai, ndani ya jumba la maduka la Mall of the Emirates, ilifunguliwa mwaka 2005. Mteremko wake mrefu una mita 400, na ndani kuna baridi chini ya sifuri hata nje kukiwa na nyuzi 45. Wakenya wengi tayari wanafanya kazi katika mji huo. Anayeajiriwa mahali kama hapo kukodisha buti au kuhudumia wageni huwa angalau yuko karibu na theluji na watu wanaoijua. Lesotho nao wana kituo cha Afriski katika milima ya Maluti, ambacho kilele chake kina mita 3,222. Msimu wao huanza Juni, kwa theluji inayotegemea sana mashine, na una mteremko wa kilomita moja. Morocco ina Oukaïmeden, juu ya mji wa Marrakech.

Tahadhari moja, na uisome mara mbili. Msimu wa baridi unapokaribia, matangazo ya "kazi za hoteli za skii Ulaya" huzagaa mitandaoni. Mtu akikuomba ada kwa M-Pesa ili akupe kandarasi ambayo hujaiona, huyo hana kazi. Kagua kama wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, kisha wasiliana na shule ya skii yenyewe uulize kama inamjua. Na jiulize swali rahisi: kwa nini wanataka mwalimu ambaye hawajawahi kumwona akiteleza?

Kabla ya Desemba

Kama umefika hapa na bado una hamu, kuna mambo unayoweza kufanya bila hata chembe ya theluji. Jenga mapaja na mizani ya mwili. Jifunze Kijerumani au Kifaransa, kwa sababu mwalimu anayeweza kumtuliza mtoto kwa lugha ya mama yake hupewa masomo mengi. Pata cheti cha huduma ya kwanza. Fundisha kitu chochote, iwe kuogelea, soka ya watoto mtaani au baiskeli, maana atakayekuajiri atataka kujua kama una subira. Ukiwa Nairobi, nenda utazame Kenya Ice Lions, timu ya magongo ya barafuni iliyozaliwa katika uwanja mdogo wa hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Waliokuwa wakichekwa kwamba wanacheza barafu kwenye ikweta sasa wana kadi ya uanachama.

Na mwishoni mwa mwezi huu, mbio za Sölden zikionyeshwa, zitazame. Usimwangalie mshindi peke yake. Tafuta wale wanaosimama pembeni mwa njia, mkono mmoja una redio, mwingine umeshika milingoti. Wamekuwa kazini tangu Mei.